Milango ya Sehemu ya Pili

Sehemu ya pili ni mbaya. Naanza na hilo ili asiyekubaliana nami aache kusoma mapema, asije akanilaumu mwishoni. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema katika mchezo ule ya pili ndiyo bora: ina farasi wa kupanda, ina majoka ya vichwa vitatu, na watu wake wanafungua midomo wakaongea badala ya kusimama kimya juu ya maandishi. Yote hayo ni kweli. Televisheni ya mama mdogo ilikuwa ndogo, na rangi yake nyekundu ilikuwa imeshageuka kahawia, lakini hata humo tuliona kwamba ya pili inapendeza macho. Bado nasema ni mbaya. Ila siwezi kueleza kwa nini bila kuanza na ile ya kwanza, na siwezi kueleza ile ya kwanza bila yule mkalimani.

Tulikuwa Cibitoke, mtaa wa jiji letu, miaka ya vita. Nyumbani kwetu kulikuwa Gihosha, kule juu, lakini shule yangu ilikuwa huku chini, na wazazi waliona ni afadhali nilale kwa mama mdogo kuliko kupanda mlima kila jioni, siku ambazo hujui risasi zitatokea upande gani. Mama mdogo alikuwa mshonaji. Kaka yake, mjomba wangu aliyekuwa Ubelgiji, alimtumia mashine ya michezo ya televisheni ndani ya mfuko wa nguo kuukuu, akitaka aiuze. Mama mdogo hakuiuza. Alihamishia cherehani chumba cha nyuma, akapanga mabenchi chumba cha mbele, na kuanzia hapo mchana wote nyumba ilijaa vijana.

Wengi walikuja kwa ajili ya mpira, na mpira ndio uliotuletea taabu. Mashine ilikuwa na kadi moja tu ya kuhifadhia mchezo, tuliiita karti, na wachezaji wa mpira walikuwa wameijaza kwa timu zao na vikombe vyao hadi ikabaki nafasi moja. Kwa hiyo sisi wa mchezo wa safari, huu ninaousema, tulikuwa na shujaa mmoja kwa watu wote. Mafundi baiskeli, wanafunzi, wauza mikate, mimi, sote tulimwendesha kijana yuleyule mwenye kitambaa chekundu shingoni. Sheria ilikuwa nyepesi: akifia mikononi mwako, unatoa maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, na kumpa anayefuata. Hapakuwa na anayeweza kusema huyu ni wangu.

Nitaje pia jambo ambalo wakati ule hatukulitaja. Mtaani kila mtu alikuwa anapimwa: pua yake, urefu wake, kijiji cha babu yake. Kijana wa kitambaa chekundu hakuna aliyewahi kumuuliza kabila. Kwenye mabenchi yale walikaa watu ambao nje wasingepeana mkono, wakagombana kuhusu pango na daraja tu, na mama mdogo alihakikisha wanaishia hapohapo.

Sasa, ile sidii ya sehemu ya kwanza ilikuwa ya kunakiliwa, mfanyabiashara aliileta kutoka Dubai, na maandishi yake yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Hakuna aliyeweza kusoma hata moja. Mwezi mzima tulimzungusha kijana wetu kijiji kimoja bila kujua anatakiwa nini. Ndipo akatokea yeye.

Alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Asubuhi alibeba magunia sokoni, mchana alikuja kupumzika kwetu, akikaa kwenye kigoda karibu na televisheni. Siku moja alisema, bila hata kugeuka, kwamba yule bibi mwenye paka anasema mkate umekwisha. Tulimwuliza amejuaje. Akasema alikuwa mpishi wa Wachina waliojenga barabara kule kwao, akajifunza herufi zao jikoni. Hakuna aliyemwuliza Wachina gani, barabara gani. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba yale maandishi ni ya Kijapani. Lakini wakati ule tulikuwa na njaa ya maneno, na mwenye njaa haulizi chungu kimepikwa na nani.

Tangu siku hiyo akawa mkalimani wetu. Hadithi aliyotusomea ilikuwa hii: kijana alitengana na mama yake siku ya kukimbia. Watu walikuwa wengi njia panda, ukasikika mlio wa risasi, mama akashika njia moja na furushi, mtoto akashika nyingine na godoro. Tangu hapo anamtafuta. Hao majitu na majoka ni watu wa njiani tu, wanaomchelewesha.

Mlio, furushi, godoro. Kila mtu chumbani mle alijua hadithi ile ni ya nani, maana mkalimani alikuwa na tabia moja: akisikia mtu yeyote ametoka ng'ambo, awe muuza mawese au mtoto wa mkimbizi, alimfuata hadi mlangoni akamwuliza kama amemwona mama wa umbo fulani, mwenye kovu la moto mkononi. Tulimsikia akiuliza hivyo kila wiki. Kwa hiyo tulijua, na tuliamini vilevile. Sioni ugumu wowote hapo. Mtu anaweza kujua mchuzi umeongezwa maji na bado akaunywa wote.

Basi ikawa desturi yetu. Kijana akiingia kijiji kipya, kabla ya kununua upanga, kabla ya kupigana na yeyote, lazima apite nyumba hadi nyumba. Aingie, asimame mbele ya mwenye nyumba, asalimie, aulize. Haikuwezekana kuvuka boma la watu kama mbuzi aliyekata kamba. Mkalimani alisema kila jibu kwa sauti ya mwenyewe: huyu bibi hajamwona, huyu mzee anasema wamepita akina mama watatu juzi, huyu mtoto ni mwongo. Kwenye daraja palisimama askari mwenye uso wa nguruwe na mkuki, na mkalimani akasema anadai kitambulisho. Chumba kizima kilicheka, maana asubuhi ileile nusu yetu tulikuwa tumeonyesha vitambulisho njiani. Tukamwuliza kijana amejibu nini. Mkalimani akasema kijana hajibu mengine, anasema natafuta mama yangu, basi.

Na hapa ndipo naisifu ya kwanza, na sifa hii nawapa walioitengeneza, popote walipo. Kila mlango ulifunguka. Kila mmoja. Hata kibanda cha mchunga bata kilikuwa na kitanda, chungu, na mtu wa kuzungumza naye. Wale watu walijua kwamba nyumba ni watu walio ndani. Kijiji kimoja, nyuma ya rundo la kuni, tulikuta mlango ambao hauonekani, na ndani yake kipofu aliyempa kijana wetu taa. Bila taa ile pango linalofuata ni giza tupu. Baadaye nilikutana na watu waliopita pango lile gizani wakipapasa kuta, kwa sababu walikuwa na haraka na hawakusalimia. Sikuwaonea huruma.

Kulikuwa pia na visima. Ili karti ihifadhi safari, sharti kijana afike kisimani na kunywa maji. Umeme wa Cibitoke ulikuwa unaondoka bila kuaga, na risasi zikisikika kutoka vilimani watu walitaka kukimbilia kwao. Lakini hakuna aliyetoka kabla hatujamfikisha. Mtu mmoja akisema "kisimani," kwa sauti ya kawaida tu, mwenye maneti aliacha vita vyote akamkimbiza. Mama mdogo alikuwa anasimama mlangoni na ufunguo mkononi, akituita wendawazimu, huku naye akitazama kama amefika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkalimani wetu ilituchukua msimu mzima wa mvua. Mwisho wake kijana alitokea kwenye maji makubwa, ng'ambo haionekani, mashua imefungwa kwenye gogo, na kando yake kisima cha mwisho. Muziki ukaanza, majina yakapanda kutoka chini. Tuligeuka wote kumtazama mkalimani. Akasema mama yuko ng'ambo ya yale maji, na habari hiyo iko katika sehemu ya pili.

Sijawahi kungoja kitu kama nilivyoingoja sehemu ya pili. Nilikuwa msichana mkubwa, nilisoma fizikia na Kilatini, na bado kila mara mjomba alipopiga simu kwa jirani nilikuwa wa kwanza kufika, ili nimkumbushe. Vikwazo vya biashara tulivyowekewa na majirani vilikuwa vimelegezwa, mizigo ilianza tena kuingia, na hatimaye mtu mmoja aliyetoka Ubelgiji akatuletea. Kasha la kweli, lenye picha, lenye karatasi ya maelezo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kasha lile lilikuwa na maandishi ya dhahabu pande zote. Nyuma liliandikwa kwa Kifaransa. Mchezo mzima ulikuwa kwa Kifaransa.

Tulifurahi, na hakuna aliyefikiri zaidi ya furaha hiyo. Sasa tutasoma wenyewe, tukasema.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Waliokosa benchi walisimama. Mkalimani alikuwa kwenye kigoda chake amevaa shati safi, nalo silisahau, maana tulikuwa hatujawahi kumwona na shati la pasi. Maneti alipewa yeye, kwa heshima. Kazi ya kusoma ilichukuliwa na mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa anakuja kutoka upande wa hospitali, Kamenge. Alikuwa mpole, mwenye miwani, na Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha padri.

Sehemu ya pili inaanza kwa kukumbusha yaliyopita. Picha za kijana wetu zilipita, pango, daraja, askari wa nguruwe, na chini yake maneno. Mwanafunzi akasoma na kutafsiri palepale, kwa sauti ileile aliyozoea kusomea vitabu vyake: kwamba kijana ni mwana wa mfalme, kwamba amekuwa akitafuta taji la baba yake lililoibwa, na kwamba mama yake alikufa siku aliyomzaa.

Akaendelea mstari mmoja zaidi kabla ya kugundua kwamba anasoma peke yake. Nadhani mwanafunzi alitegemea tuanze kucheka, au mmoja wa mafundi aseme tumedanganywa. Ilikuwa nafasi yake kabisa: mwongo ameshikwa mchana, mbele ya mashahidi. Lakini hakuna aliyemtazama mkalimani kama mwongo. Tulimtazama kama mtu aliyefiwa. Yeye alishika maneti vilevile, kidole gumba juu ya kitufe, wala hakukibonyeza, na yale maneno yakabaki chini ya picha yanatungoja.

Mama mdogo alitokea chumba cha nyuma, futi ya kushonea shingoni. Alikuwa amesikia. Hakuwa mchezaji na hakujua jina la hata zimwi moja, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye televisheni akaizima, kisha akamgeukia mwanafunzi.

"Kifo haisemwaki hivi," akasema. "Watu wamesimama, mutu ameshika kitu mu mikono. We unasomea udaktari, hawawafundishaki?"

Mwanafunzi alianza kueleza kwamba ni mchezo, mama, ni maandishi tu ya kwenye mchezo. Mama mdogo alimwambia akae. Kwetu anayeleta habari ya msiba hukaa kwanza, na anayepelekewa hukalishwa, huletewa maji, huulizwa kama amekula. Ndipo jambo linasemwa, na linasemwa na mtu mzima. Basi alitupanga. Wadogo walitoka nje. Aliyekuwa amesimama alikaa chini sakafuni. Nilitumwa maji. Mkalimani alitolewa maneti mkononi taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu, akapewa kikombe. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilikasirika kuliko vyote, kwa sababu niliona wazi kwamba watu wa mbali wasiotujua wamekaa mahali wakaamua kumuua mama yule kwa mstari mmoja, ili wapate nafasi ya kuweka farasi.

Mkalimani alikunywa maji yote. Kisha akasema, kwa mama mdogo, si kwetu:

"Huyo wa mu televizio, sawa, wamesema. Mama yangu mi, hakuna mutu alikuya kuniambia."

Mama mdogo akaitika kwamba ndiyo, hakuna aliyekuja. Aliwasha televisheni mwenyewe, akarudi kwenye cherehani yake.

Tuliicheza. Watu wanafikiri tuliitupa, hapana, tuliicheza hadi mwisho, na kwa hiyo nina haki ya kuisema. Farasi ni mzuri. Muziki wa milimani ni mzuri. Majoka yanakufa kwa namna moja ukishaijua. Lakini ngoja ufike kwenye ule mji mkuu ambao kasha linausifu, mji wa minara, wenye barabara za mawe na madirisha mia. Jumapili iliyofuata zamu ya mkalimani ilipofika, alimteremsha kijana kutoka juu ya farasi langoni na kuanza kama tulivyozoea, nyumba ya kwanza upande wa kushoto. Akabonyeza. Mwanafunzi, ambaye sasa alikuwa anasoma kwa sauti ya chini mno, akasema: imefungwa. Nyumba ya pili, imefungwa. Ya tatu haikusema hata hilo, maana mlango wenyewe ulikuwa umechorwa tu ukutani.

Mafundi walianza kunung'unika kwamba zamu inaliwa bure. Alipita mtaa wote wa kushoto, akavuka kwenye chemchemi, akapita mtaa wote wa kulia, akabonyeza kila mlango mara moja, kwa utulivu, na kila mlango mwanafunzi alijibu, hadi manung'uniko yakaisha yenyewe na chumba chote kikawa kinangoja mlango unaofuata. Alipofika tena langoni aliweka maneti juu ya benchi.

"Mu huu muji hakuna watu," akasema.

Tangu hapo nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu mchezo ule, na baadhi ya walioandika ni wataalamu wa kazi hiyo. Hakuna aliyesema vizuri zaidi. Walitengeneza mji mkubwa mara kumi wakasahau kuweka wa kufungua mlango. Rangi zote zile, na kijana wetu anapita katikati ya kuta. Ndiyo maana nasema ni mbaya, na sitabadili neno.

Yeye hakuigusa tena. Siku moja moja, watu wa mpira wakichelewa, aliomba tumwekee ile ya kwanza. Alimchukua kijana akamwendesha hadi kwenye maji makubwa, akamsimamisha kando ya kisima, akamnywesha, karti ikahifadhi. Kisha akakaa akitazama maji yale yanavyotikisika. Hapakuwa na zaidi ya kufanya pale, mchezo ulikuwa umekwisha.

Wakati wa kiangazi ilisemekana njia ya Uvira inapitika, na akina mama wauza vitambaa walianza kwenda na kurudi. Alikuja kutuaga akiwa na mfuko mmoja. Alisema anakwenda kuangalia, atarudi kabla ya mvua. Mimi nilimwambia akimpata amlete huku, tumpe benchi la mbele. Alicheka. Kwa mama mdogo aliomba jambo moja tu, kwamba watu wa mpira wasifute nafasi yake kwenye karti.

Mvua ikaja. Mama mdogo, ambaye hakuwa na mazoea ya kuwasumbua watu, alianza kuwasimamisha akina mama wa vitambaa mlangoni akiwauliza kama wamemwona kijana wa umbo fulani, aliyewahi kubeba magunia hapa sokoni. Nilimsikia akiuliza hivyo kila wiki. Mmoja alidhani amemwona. Mwingine alisema kule kumeharibika tena, watu wametawanyika. Hakuna aliyesema neno lenyewe.

Mashine ile ilikufa zamani. Mama mdogo amezeeka, karti aliniachia mimi ndani ya kopo la chai, na mwaka juzi nilipata mashine nyingine ya aina ileile kwa muuza vyombo vya zamani. Niliwasha. Yupo, na kitambaa chake chekundu, pembeni ya maji. Wanangu wanacheza mpira kwenye mashine hiyo, na kila mara karti inawaambia imejaa, futa kimoja. Wananiuliza kwa nini tusifute huyu ambaye hachezwi na mtu. Wana haki ya kuuliza, nafasi ni yao.

Nimewaambia hapana. Kijana huyu ana wenyewe, na hadi leo hakuna aliyekuja kwetu, akakaa, akaletewa maji, akatuambia.